Tumbo Linapolalamika Baada ya Juisi ya Nyumbani

KIPINDI CHA 14

Walengwa: Kina mama na walezi wa watoto

Ujumbe mkuu: Tumbo linaweza kusumbua baada ya juisi kwa sababu limeelemewa, au kwa sababu limeingiwa na viini vya ugonjwa. La kwanza hutulia lenyewe. La pili linaweza kumaliza maji mwilini mwa mtoto kwa muda mfupi. Jifunze kuyatofautisha.

(Muziki wa kufungua kipindi unasikika, kisha unapungua polepole.)

Vuta kiti, punguza moto wa jikoni kidogo, tuzungumze.

Leo tunazungumzia kitu kinachopendwa na wakubwa kwa wadogo: juisi nzito ya matunda, ile unayoisaga mwenyewe kwa blenda. Msimu mkubwa wa maembe ukifika, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, maembe kutoka Makueni, Machakos na Pwani hujaa sokoni na bei hushuka. Mama ananunua ya kutosha, anayasaga pamoja na ndizi na parachichi, anatia maziwa, anaongeza sukari, na watoto wanapanga foleni na vikombe.

Hilo ni jambo jema. Matunda yana vitamini, na mtoto anayakubali bila kubembelezwa. Lakini mara nyingi, baada ya saa moja au mbili, unasikia, "Mama, tumbo!" Tumbo limefura, linanguruma, au mtoto anakimbilia choo. Hapo kila mtu nyumbani huwa na maoni yake. Mmoja atasema maembe ni mabaya. Mwingine atasema matunda hayachanganywi na maziwa. Wewe nawe unabaki hujui kama uende zahanati au ungoje.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme ni Jumamosi saa sita mchana. Mama ana watoto watatu: wa kwanza ana miaka tisa, wa pili miaka mitatu, na kitinda mimba ana miezi minane. Anasaga jagi zima la juisi ya embe, ndizi na maziwa. Mkubwa anakunywa glasi mbili mfululizo na kukimbia nje kucheza. Ilipofika saa nane, tumbo lake lilikuwa limejaa gesi. Alikwenda choo mara moja, akatoa choo chepesi, akapitisha hewa sana, na saa kumi na moja alikuwa amerudi uwanjani.

Juisi iliyobaki ilikaa mezani mchana kutwa, imefunikwa kwa sahani. Saa kumi na mbili jioni, mama akaitia vipande vya barafu, akampa yule wa miaka mitatu kikombe kimoja, na kitinda mimba akaonjeshwa vijiko kadhaa. Usiku wa manane, yule wa miaka mitatu akaanza kutapika. Kulipopambazuka alikuwa amehara mara tano na mwili una joto. Kitinda mimba akaanza kuhara Jumatatu, na jirani akasema, "Huyo ni meno tu, yanaota."

Mama yangu, juisi ilitoka jagi moja, lakini shida ni mbili tofauti. Mtoto mkubwa alikuwa na tumbo lililoelemewa. Hawa wadogo wawili matumbo yao yalikuwa yameingiwa na viini. Tuzitazame moja baada ya nyingine.

TUMBO LILILOELEMEWA

Kwanza, fikiria wingi na haraka. Mtoto akila embe kwa kulitafuna, atakula moja, pengine mawili, na itamchukua dakika kumi au zaidi. Lakini ukisaga maembe matatu na ndizi mbili, anaweza kuyamaliza kwa dakika mbili. Tumbo linapokea mzigo mkubwa kwa ghafla. Tena blenda hupiga hewa ndani ya juisi. Lile povu la juu ni hewa tupu. Mtoto anayekunywa kwa pupa au kwa mrija humeza hewa nyingine zaidi. Hewa hiyo lazima itoke, ama kwa kubeua ama kwa njia ile nyingine.

Pili, kuna sukari ya matunda. Embe, tofaa, peasi na tikiti maji vina sukari ya aina moja iitwayo fruktosi kwa wingi. Utumbo mwembamba unaweza kunyonya kiasi fulani tu cha sukari hiyo kwa wakati mmoja. Inayozidi huteremka hadi utumbo mpana. Huko kuna bakteria wanaoishi siku zote, nao huila sukari hiyo na kutoa gesi. Sukari hiyo pia huvuta maji ndani ya utumbo, ndiyo sababu choo huwa chepesi. Watoto wadogo husumbuliwa na jambo hili haraka kuliko watu wazima.

Tatu, na hili wengi hawalijui, kuna sukari ya maziwa. Maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi. Ili mwili uitumie, utumbo unahitaji kimeng'enya kiitwacho laktasi cha kuivunja. Mtoto mchanga huwa nacho kwa wingi, na ndiyo maana maziwa ya mama humfaa. Lakini kadiri tunavyokua, kimeng'enya hiki hupungua kwa watu wengi, hasa sisi Waafrika. Katika jamii za wafugaji wako wengi ambao huendelea kuwa nacho hata ukubwani. Kwa hiyo usishangae jirani yako akinywa lita nzima bila neno, ilhali wewe glasi moja inakufanya ukeshe. Wewe si mgonjwa, wala maziwa hayana sumu. Mmezaliwa tofauti tu.

Huenda unajiuliza, "Mbona chai ya maziwa hainisumbui?" Jibu ni kipimo. Katika kikombe kimoja cha chai maziwa ni kidogo, na huenda umekinywa pamoja na mkate au chapati. Katika glasi kubwa ya juisi ya maziwa, unapata laktosi nyingi kwa mara moja, tena juu ya ile sukari ya embe.

Jambo la nne ni vile vitu vingine tunavyoongeza. Parachichi na siagi ya karanga vina mafuta, na mafuta hukaa tumboni muda mrefu, kwa hiyo unajisikia mzito. Ndizi ambazo hazijaiva vizuri zina wanga mgumu kusagika, nao huleta gesi. Nanasi, pasheni na ndimu vina uchachu, na mtu mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo, au mama mjamzito, ataona kifua kinamwaka moto.

UTAJUAJE KWAMBA TUMBO LIMEELEMEWA TU?

Tazama dalili hizi. Shida huanza muda mfupi baada ya kunywa, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa chache. Tumbo hujaa, hunguruma na kusokota kidogo. Choo huwa chepesi mara moja au mbili. Hakuna joto la mwili, hakuna damu, na hakuna kutapika kunakorudiarudia. Mtoto anaendelea kucheza, kula na kunywa maji. Ikifika jioni au kesho yake, yote yamekwisha.

Tumbo la namna hii halihitaji dawa. Mpe mtoto maji safi, mwache apumzike au atembeetembee, na siku hiyo usimwongeze juisi nyingine.

Ikiwa shida inarudi kila mara, fanya uchunguzi wako mwenyewe jikoni. Wiki moja, tengeneza juisi bila maziwa kabisa, tumia maji safi. Tumbo likitulia, umempata mhusika. Wiki inayofuata, jaribu maziwa lala au yogati badala ya maziwa matamu. Bakteria wanaochachusha maziwa lala huwa tayari wameila sehemu ya ile laktosi, kwa hiyo watu wengi huyavumilia vizuri. Ikiwa hata bila maziwa tumbo bado linafura, punguza embe, tumia aina moja ya tunda kwa wakati mmoja, na uongeze nyingine pole pole. Ukitia vitu sita katika blenda siku moja, hutajua kamwe ni kipi kilicholeta matata.

Punguza kipimo pia. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, juisi ya matunda kwa siku isizidi mililita 120, yaani kama nusu ya glasi ya kawaida. Mpe pamoja na chakula, na anywe kwa kikombe, taratibu. Sukari usiongeze, embe lililoiva lina utamu wake wa kutosha, na meno ya mtoto yatakushukuru.

TUMBO LILILOINGIWA NA VIINI

Sasa tuje kwa yule wa miaka mitatu. Huyu hakuelemewa na sukari ya embe. Katika ile juisi mlikuwa na viini vya ugonjwa. Viliingiaje? Njia ni nyingi, na zote zinapita jikoni kwetu.

Njia ya kwanza ni maji. Uji unachemka, chai inachemka, lakini juisi haichemshwi. Chochote kilichokuwa ndani ya maji kinaingia tumboni kikiwa hai. Maji ya mfereji, ya kisima, ya bwawa au ya mkokoteni yanaweza kuonekana meupe kabisa na bado yawe na viini vya kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu. Hapa Kenya tulikuwa na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 na kuendelea mwaka wa 2023, na kaunti nyingi ziliguswa. Ugonjwa huo husafiri kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Maji ya juisi lazima yachemshwe hadi yatokote kabisa, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Au yatibu kwa dawa ya klorini ya maji ya kunywa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na ungoje dakika 30 kabla ya kuyatumia.

Njia ya pili ni barafu. Watu wengi wanadhani baridi huua viini. La hasha! Baridi huvilaza tu. Barafu ikiyeyuka ndani ya juisi, viini huamka. Ikiwa hukuitengeneza barafu hiyo kwa maji yaliyochemshwa au kutibiwa, iache.

Njia ya tatu ni ganda la tunda. Embe limeanguka chini, limebebwa kwenye gunia, limeshikwa na mikono mingi sokoni. Ukilikata bila kuliosha, kisu hubeba uchafu wa ganda na kuuingiza ndani ya nyama ya tunda. Osha tunda kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kulimenya, hata kama ganda utalitupa. Tunda lililooza au lililoota ukungu usilikate upande mmoja ukasaga uliobaki. Litupe lote.

Njia ya nne ni mikono. Umembadilisha mtoto nepi, umeshika pesa, umetoka msalani, kisha unamenya ndizi. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa matunda. Wafundishe na watoto wanaokusaidia.

Njia ya tano ni maziwa mabichi. Maziwa ya kupima ambayo hayajachemshwa yanaweza kuleta kuhara, na pia ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Chemsha maziwa kwanza, yaache yapoe, ndipo utie kwenye blenda.

Njia ya sita ni blenda yenyewe. Ukiisuuza kwa maji tu na kuirudisha kabatini, mabaki hubaki chini ya visu na ndani ya ule mpira mweusi au mweupe unaozuia juisi isivuje. Siku mbili baadaye unasaga juisi mpya juu ya uchafu wa zamani. Chomoa waya kwenye umeme kwanza. Kisha fungua sehemu zote zinazofunguka, toa mpira, sugua kwa sabuni na brashi, suuza kwa maji safi, na uanike vikauke kabisa. Kama mpira umepasuka au una madoa meusi ya ukungu, nunua mwingine.

Njia ya saba ni muda, na hii ndiyo iliyomponza mtoto katika mfano wetu. Juisi ya matunda na maziwa ni chakula kizuri kwa watu, na ni kizuri vilevile kwa bakteria. Ikikaa mezani kwenye joto, wachache waliokuwamo saa sita mchana huwa wengi mno ikifika jioni. Kuifunika kwa sahani huzuia nzi, hakuzuii bakteria walio ndani kuzaana. Tengeneza juisi ya kunywa wakati huo huo. Ikikaa nje kwa saa mbili, imwage. Ukiwa na friji, ihifadhi humo mara tu ukiisha kusaga, na uimalize ndani ya siku moja. Najua kumwaga chakula kunauma, hasa siku hizi. Lakini nauli ya kwenda hospitali na dawa zake vinauma zaidi. Afadhali usage kidogo, waongezwe wakitaka.

NA YULE WA MIEZI MINANE?

Mama, hapa naomba unisikilize kwa makini. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake. Hahitaji maji wala juisi, hata kijiko kimoja cha kuonja.

Akitimiza miezi sita, unaanza kumpa vyakula vingine huku ukiendelea kumnyonyesha. Matunda anaweza kuyala, lakini yawe yamepondwa na apewe kwa kijiko: parachichi, ndizi mbivu, papai, embe laini lisilo na nyuzi. Juisi asipewe hadi atimize mwaka mmoja. Tumbo lake ni dogo. Likijaa juisi, halina nafasi ya maziwa ya mama wala uji wenye lishe. Atashiba bila kupata anachohitaji ili akue.

Asali pia usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata kama umeichanganya na juisi kidogo. Asali inaweza kuwa na viini vya ugonjwa uitwao botulizimu, ambao hulegeza misuli ya mtoto mchanga hata ashindwe kunyonya na kupumua. Mtu mzima hadhuriki kwa asali hiyo hiyo, lakini mtoto mchanga anaweza kufa.

Na yale ya meno? Meno yanapoota, mtoto hutokwa na udenda, huwa na hasira na hutia kila kitu mdomoni. Vitu hivyo vichafu vinaweza kumharisha. Lakini jino lenyewe haliharishi mtoto. Usimwache akaishiwa na maji huku ukingoja jino litokeze.

MTOTO AKIHARA, FANYA HIVI

Mtoto akienda choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku moja, huko ni kuhara. Hatari kubwa ya kuhara ni kupoteza maji na chumvi za mwili. Wengine husema, "Usimpe kitu cha kunywa, utaongeza kuhara." Hilo ni kosa linaloua watoto. Maji yanatoka, lazima maji yarudi.

Mpe maji ya ORS. Pakiti zake zinapatikana zahanati na kwenye duka la dawa. Soma pakiti kwa makini, kwa sababu nyingine huchanganywa na nusu lita ya maji na nyingine na lita moja. Tumia maji safi na salama. Usiongeze sukari wala juisi ndani yake. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa cha chai. Mwenye miaka miwili na zaidi mpe mililita 100 hadi 200. Mpe kidogo kidogo, kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea pole pole zaidi. ORS iliyobaki baada ya saa 24 imwage na uchanganye nyingine.

Pamoja na ORS, mtoto hupewa zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyokueleza. Maliza siku zote hata kama kuhara kumekoma mapema. Zinki hufupisha ugonjwa na kumsaidia mtoto kupata nguvu.

Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Endelea kumpa chakula laini: uji, wali, viazi vilivyopondwa, supu. Soda na juisi tamu ziweke kando, kwa maana sukari nyingi huongeza kuhara. Na kwa siku chache baada ya kuhara, utumbo wa mtoto huwa na kidonda, na huenda maziwa ya ng'ombe yakamletea gesi. Maziwa ya mama usiyakatize.

Usikimbilie duka la dawa kununua dawa ya kufunga tumbo au ya amiba bila kupimwa. Dawa za kufunga tumbo hazifai kwa watoto wadogo. Na antibiotiki husaidia katika baadhi ya magonjwa ya kuhara tu, si yote.

MPELEKE KITUO CHA AFYA BILA KUCHELEWA UKIONA:

Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, au anatapika kila kitu.

Amelegea, analala kupita kiasi, au amepata degedege.

Macho yameingia ndani, analia bila machozi, au hajakojoa kwa saa nyingi.

Ukimfinya ngozi ya tumbo na kuiachilia, inarudi pole pole.

Kuna damu kwenye choo.

Anahara choo kingi cha majimaji kama maji ya mchele.

Ana joto kali, au tumbo linamuuma sana na limekuwa gumu.

Ana umri wa chini ya miezi sita na anahara.

Kuna na dalili nyingine ya peke yake. Mtoto akinywa juisi kisha midomo au uso ukamvimba, ngozi ikatoka vipele vya kuwasha, au akapumua kwa shida, huo ni mzio. Unaweza kuletwa na karanga, maziwa au hata tunda. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

Swali: Nilitia bitiruti kwenye juisi, na mtoto amekojoa mkojo mwekundu. Je, ni damu?

Jibu: Rangi ya bitiruti inaweza kutokea kwenye mkojo na hata kwenye choo, na haina madhara. Huisha kwa siku moja au mbili ukiacha bitiruti. Lakini kama mtoto hakula bitiruti, au ana maumivu na joto, usikisie. Mpeleke akapimwe.

Swali: Ni kweli kwamba embe na maziwa vikichanganywa huwa sumu?

Jibu: Si kweli. Ni vyakula viwili vizuri. Anayesumbuliwa huenda ana shida na laktosi, amekunywa kingi mno, au juisi haikuwa safi.

Swali: Baba watoto anataka nivunje yai bichi ndani ya juisi yake ili apate nguvu. Je, ni sawa?

Jibu: Yai bichi linaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Mchemshie yai, alile pembeni na juisi yake. Nguvu ni zile zile, na tumbo litakuwa salama.

TUMALIZIE

Mama, turudi kwa ile familia yetu ya mfano. Jumapili asubuhi, nyanya alisema mtoto asipewe kitu. Lakini mama alikumbuka aliyofundishwa kliniki. Alichanganya ORS, akampa kijiko baada ya kijiko, kisha akambeba mgongoni hadi kituo cha afya. Alipewa zinki na kuelezwa jinsi ya kumtunza nyumbani. Kitinda mimba alipoanza kuhara Jumatatu, mama hakungoja meno. Wote wawili walipona. Na mashine ya kusaga juisi ipo jikoni hadi leo. Kilichobadilika ni maji, kipimo na saa.

Basi usiwanyime watoto matunda kwa sababu ya tumbo la siku moja. Na juisi iliyokaa mezani mchana kutwa usimpe mtoto kwa sababu ya kuhurumia shilingi chache. Mweleze na jirani yako.

(Muziki wa kufunga kipindi.)

YA KUKUMBUKA

1. Juisi haichemshwi. Maji, barafu na maziwa yake lazima yawe salama kabla ya kusagwa.

2. Saga ya kutosha kunywa sasa. Iliyokaa nje saa mbili, imwage.

3. Chini ya mwaka mmoja: hakuna juisi, hakuna asali. Chini ya miezi sita: maziwa ya mama pekee.

4. Gesi bila joto wala damu, na mtoto anacheza: ngoja, mpe maji.

5. Kuhara mara tatu au zaidi: ORS, zinki, kunyonyesha na chakula. Dalili za hatari: kituo cha afya mara moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Nyumbani kwako, maji ya kutengeneza juisi hutoka wapi, na huyatibu vipi?

2. Mara ya mwisho ulifungua na kuosha sehemu zote za blenda ni lini?

3. Katika kijiji au mtaa wenu, watu husema nini mtoto anapohara? Ni lipi kati ya hayo linaloweza kumdhuru?

4. Zahanati iliyo karibu nawe iko umbali gani, na nyumbani una pakiti ngapi za ORS?